Somo la Redio: Barabara na Nyumbu

Fungueni madaftari yenu. Leo tutazungumza juu ya raia wanaotetea mbuga ya taifa.

Mmesikia habari za Serengeti, katika Tanzania. Ilifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1951. Kila mwaka nyumbu zaidi ya milioni moja huizunguka nchi hiyo, wakifuata mvua na majani. Wakati wa kiangazi huenda kaskazini mpaka Mto Mara, kwa kuwa huko hupata maji. Njia hiyo ikizibwa, wengi watakufa.

Mwaka 2010 Serikali ya Tanzania ilikusudia kujenga barabara kuu ipite sehemu hiyo ya kaskazini. Haja ilikuwako. Watu wa Loliondo na Mugumu nao wana wagonjwa wa kupeleka hospitali, na mali ya kupeleka sokoni. Basi shauri lilikuwa zito: barabara ni ya watu, na mbuga pia ni ya watu.

Chama kimoja cha kutetea wanyama, kilichoandikishwa Kenya, kilipeleka shauri hilo Arusha, mbele ya Mahakama ya Afrika Mashariki. Kifungu cha 30 cha Mkataba wa Jumuiya chamruhusu mtu yeyote akaaye katika nchi ya Jumuiya kufanya hivyo. Lakini asipite miezi miwili tangu jambo litendeke, au tangu alipolijua.

Tarehe 20 Juni 2014 majaji walitoa hukumu. Walisema kwamba kujenga barabara ya lami kukata kaskazini ya Serengeti ni kinyume cha Mkataba. Hata hivyo, hawakuizuia Serikali kufanya mipango mingine isiyoidhuru mbuga.

Je, sisi tufanyeje? Kwanza, tusome matangazo mapema. Pili, tukutane, na wenye haja ya barabara nao wasikilizwe. Tatu, tuandike barua: tutaje mahali, tarehe na madhara, tutie sahihi, tuweke nakala. Asiyejua kusoma hupitwa na tangazo, na miezi miwili huisha upesi.

Maswali:
1. Kwa nini nyumbu huenda Mto Mara?
2. Watu wa Loliondo walihitaji barabara kwa sababu gani?
3. Andika barua fupi kutetea msitu, mto au mbuga iliyo karibu nawe.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.