Niletee Ukurasa: Somo la Marehemu Ahmed Khalif

Vijana wenzangu wa Isiolo.

Hebu nikuulize swali moja kwanza. Mbunge wako, ukiweka kando mabango na harambee, unaweza kuniambia jambo moja tu aliwahi kusema ndani ya Bunge? Si kwa baraza la chifu, si kwa matanga. Ndani ya Bunge, pale kila neno linaandikwa na kuhifadhiwa.

Leo nataka tumkumbuke mtu ambaye wengi wetu tulikuwa watoto wadogo alipofariki, na wengine hamkuwa mmezaliwa: marehemu Ahmed Khalif, mbunge wa Wajir Magharibi.

Kwanza elewa alikuwa anaishi wakati gani. Baada ya uhuru wa 1963, kaskazini yote, Isiolo ikiwemo, iliwekwa chini ya sheria za hali ya hatari. Zilidumu mpaka 1991. Unashikwa, unafungiwa, na huna wa kumuuliza. Hapa kwetu palikuwa na kizuizi cha polisi cha barabara ya kwenda juu. Ndio maana mpaka leo utasikia mzee akishuka Nairobi anasema, "Naenda Kenya." Na mwaka 1970 Bunge likapitisha sheria ya kuwakinga maafisa wasishtakiwe kwa waliyoyafanya wakati wa vita vya Shifta. Sheria hiyo ilipitishwa na waheshimiwa, kwa kura.

Sasa njoo Februari 1984. Kuanzia tarehe 10, wanajeshi na polisi waliwakusanya wanaume wa Degodia na kuwapeleka uwanja wa ndege wa Wagalla, nje ya mji wa Wajir. Walivuliwa nguo, wakawekwa juani siku kadhaa bila maji wala chakula. Wengi waliuawa hapo. Chama kilikuwa kimoja, KANU, na jaribio la mapinduzi la 1982 lilikuwa bado bichi. Mbunge anayependa kiti chake angefanya nini? Angenyamaza, ama angesema "tuwaachie vyombo vya usalama."

Khalif alikuwa ndani ya KANU hiyo hiyo, maana hapakuwa na chama kingine. Lakini alisimama Bungeni akaitaja Wagalla na kuitaka serikali ijibu. Serikali ikasema waliokufa ni 57.

Shika hiyo namba. Mwaka 2000 serikali ikakubali kuwa ni 380. Mwaka 2013, TJRC, ile Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, ikaandika kwamba waliouawa walikaribia 1,000. Namba hiyo haikupanda yenyewe. Wajane walisema. Manusura walisema. Annalena Tonelli, Mtaliano aliyekuwa akiwatibu wagonjwa wa kifua kikuu Wajir, aliwaokoa majeruhi na kuzika maiti. Na kwa Hansard swali lilikuwa tayari limeandikwa, hakuna wa kulifuta. Hata ile 57 ya uongo tunayo leo kama ushahidi kwa sababu kuna mtu aliwalazimisha waiseme.

Simfanyi malaika. Alikuwa mwanasiasa, alishinda na alishindwa. Kwa miaka alikuwa pia Katibu Mkuu wa SUPKEM. Alirudi Bungeni kwa uchaguzi wa Desemba 2002, na Rais Kibaki akamfanya Waziri wa Leba. Hakumaliza hata mwezi. Tarehe 24 Januari 2003 ndege yao ilianguka Busia ikipaa, na yeye na marubani wawili wakafariki. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un.

Fikiria hapo. Uwaziri, bendera, gari na walinzi, alikuwa navyo wiki chache. Maneno yake ya 1984 yamepita miaka arobaini na bado yanafanya kazi.

Sasa kazi ni yako. Hansard iko kwa tovuti ya Bunge, bure, hata bando ya shilingi ishirini inatosha. Tafuta jina la mbunge wako na la seneta wako, usome. Kifungu cha 119 cha Katiba kinakupa haki ya kupeleka ombi lako Bungeni, wewe binafsi, bila kupitia kwa mkubwa yeyote. Ripoti ya TJRC imekaa miaka na miaka bila Bunge kuipitisha. Hilo tayari ni ombi la kuandika.

Na 2027 mheshimiwa akija na tisheti na pesa ya mafuta ya boda, mwambie kwa heshima: "Mheshimiwa, mifugo ilipoporwa na watu wakauawa, ulisema nini? Ardhi ya malisho ilipopimwa kwa ajili ya LAPSSET, ulisema nini? Niletee ukurasa."

Akikosa ukurasa, hata akiwa amekaa mihula mitatu, basi alikuwa amekaa tu.

Allah amrehemu Ahmed Khalif na mashahidi wa Wagalla. Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum.