Hereni ya Jaji Mkuu na Dredi za Askari Magereza

Mwaka 2011, Kenya ilipokuwa ikitafuta Jaji Mkuu chini ya katiba mpya, waliotaka kazi hiyo walihojiwa hadharani. Dakta Willy Mutunga alikuwa na historia ndefu ya kuulizwa: mhadhiri wa sheria, aliyewahi kutiwa kizuizini enzi za Moi, mtetezi wa haki za binadamu kwa miaka mingi. Lakini gumzo la matatu na la vibandani lilikuwa hereni moja ndogo sikioni mwake. Alipoulizwa, alieleza kwamba inamuunganisha na mababu zake, na kwamba kama kazi ile ilikuwa na sharti la kuivua, basi wabaki na kazi yao.

Juni mwaka huo akaapishwa, hereni ikiwa mahali pake. Tena ni katika kipindi chake ambapo majaji wa Kenya waliweka kando mawigi ya singa za farasi waliyoachiwa na Waingereza. Mtu mzima kuvaa nywele za mnyama kichwani ili aonekane makini, hilo kwa miaka halikumshangaza mtu.

Mwaka huohuo, mbunge wa Makadara jijini Nairobi, Gidion Mbuvi, maarufu kama Sonko, alitolewa nje ya ukumbi wa Bunge kwa kuvaa hereni na miwani ya jua. Mji ule ule, pambo lile lile. Ila mmoja alikuwa na mababu wa kumsemea, mwingine alikuwa na mtindo wake wa Eastlands tu.

Tofauti hiyo ndiyo inayotawala ofisi nyingi. Mfanyakazi mwenye mwonekano usio wa kawaida husikilizwa akija na dini au mila. Akisema anapenda tu, mazungumzo yamekwisha.

Kesi ya gereza la Pollsmoor, Cape Town, inaonyesha jambo hili kwa karibu. Askari watano wa kiume walikuwa wakifanya kazi pale wakiwa na dredi, bila kelele. Mwaka 2007 uongozi ukaamuru kanuni za mavazi zifuatwe barabara, na wao wakakataa kunyoa. Baadhi walikuwa Marasta. Wengine walisema wameitwa na mizimu katika mila ya Kixhosa na hawakuruhusiwa kukata nywele kabla ya wakati wake. Wakafukuzwa kazi. Idara ya magereza ilijitetea kwa hoja ya nidhamu, halafu ikaongeza nyingine ya ajabu kidogo: kwamba askari Mrasta angeweza kushawishiwa na wafungwa awaingizie bangi. Wakati huo askari wa kike wa gereza hilohilo walisuka dredi bila kuguswa.

Mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Rufani ya Afrika Kusini iliwapa askari ushindi. Iliona wamebaguliwa kwa jinsia, dini na utamaduni, na kwamba hapakuwa na ushahidi wowote kuwa nywele zile zilidhoofisha kazi yao au kuwafanya wepesi wa kurubuniwa. Zimbabwe ilikuwa imetangulia: mwaka 1995 mahakama yake ya juu ilimlinda mhitimu wa sheria ambaye jaji alikataa kumwapisha kuwa wakili kwa sababu ya dredi. Kenya nayo, mwaka 2019, Jaji Chacha Mwita aliamua kwamba Urasta ni dini, na msichana aliyefukuzwa shule akarudi darasani na nywele zake.

Ni ushindi wa haki, lakini kila mara mlango umefunguliwa kwa ufunguo wa imani. Je, kijana wa Nairobi anayependa muziki wa metali? Muziki huo upo na umekomaa. Kundi la Duma la hapohapo Nairobi lilitoa albamu mwaka 2020 kupitia lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Shabiki wake akiajiriwa nyuma ya kaunta, hana kuhani wala mzee wa ukoo wa kumtolea ushahidi. Basi anajificha: shati la mikono mirefu kufunika tatuu hata jua likichoma, kijiti cha plastiki kisichoonekana kushika tundu la pua lisizibe, dredi zilizobanwa na kusukumiwa ndani ya wigi. Na tundu lenyewe la pua ni jambo la kuchekesha, maana Lamu na Mombasa kipini ni pambo la bibi mwenye heshima zake. Kikipanda treni hadi ofisi ya Nairobi, kinageuka utundu.

Zipo kanuni zenye sababu. Hospitali za umma za Uingereza huwataka wauguzi waache mikono wazi kuanzia kiwiko, bila saa wala bangili, ili kunawa kuwe kunawa. Fundi wa mashine naye afunge nywele, awe Mrasta au asiwe. Lakini sharti la kuwa “nadhifu na wa heshima”, bila neno zaidi, humwachia bosi rula mkononi, na kila bosi ana inchi zake.

Jambo ambalo waajiri wa Kenya hawalitaji sana ni kwamba Katiba ya 2010, Ibara ya 27, inapoorodhesha mambo ambayo mtu hapaswi kubaguliwa kwayo, inataja dini, imani na utamaduni, kisha inataja mavazi. Yamesimama peke yake kwenye orodha, bila kudai dini iyadhamini. Huyo shabiki wa metali tayari ana pa kuanzia, kama atapata wakili na ujasiri wa kugombana na anayemlipa mshahara.

Asitegemee sana mfano kutoka Bungeni, hata hivyo. Novemba 2023 Spika Moses Wetang’ula alipiga marufuku suti za Kaunda na mavazi ya kitamaduni katika majengo ya Bunge, na kusisitiza koti na tai. Suti ya Kaunda, wakati huo, ndiyo iliyokuwa vazi alipendalo Rais William Ruto.