Banda Kwanza, Mbuzi Baadaye: Elimu ya Mbuzi wa Maziwa kwenye Meza ya Kazi za Mikono

Mada kwa wakazi wa kata za Wilaya ya Nyang'hwale



Mtu anayepita kwenye meza ya kazi za mikono siku ya gulio mjini Kharumwa hutafuta kikapu, mkeka, chungu au kipande cha sabuni. Hakutoka nyumbani kutafuta somo la mifugo. Hata hivyo, meza hiyo inaweza kumfikishia elimu ambayo asingeifuata ofisini, kwa kuwa mnunuzi akishashika kitu mkononi huuliza kilivyotengenezwa, na aliyekitengeneza humjibu bila haraka. Mada hii inaeleza namna meza ya aina hiyo inavyoweza kufundisha ufugaji wa mbuzi wa maziwa, na hasara ambayo elimu hiyo inakusudia kuizuia.

Hasara yenyewe huanza kwa nia njema. Mtu amepata fedha, pengine za mpunga au pamba, pengine za machimbo. Anasikia kwamba mbuzi mmoja wa maziwa aliyetunzwa vizuri hutoa lita moja au mbili kwa siku. Anasafiri, anamnunua kwa bei inayozidi mara kadhaa ile ya mbuzi wa kienyeji, anamfikisha nyumbani na kumfunga chini ya mwembe. Mvua zinapoanza, mbuzi anakohoa, anaharisha, anakonda na kufa. Majirani waliokuwa wakitazama wanahitimisha kwamba mbuzi wa maziwa hawafai Usukumani. Kumbe kilichokosekana ni mpangilio: mfugaji alianza na mbuzi, ilhali mbuzi alipaswa kuja mwisho.

Mbuzi wa maziwa ni yupi

Mbuzi wa kienyeji ana sifa zake. Huvumilia jua, hutembea mbali, na huhimili maradhi mengi ya mazingira yake. Maziwa yake, hata hivyo, kwa kawaida humtosha mtoto wake tu. Mbuzi wa maziwa ni yule aliyechaguliwa kizazi baada ya kizazi kwa ajili ya kiwele. Toggenburg na Saanen asili yao ni Uswisi. Anglo-Nubian aliendelezwa Uingereza.

Tanzania ina uzoefu wa miaka mingi katika jambo hili. Katika miaka ya 1980, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kilipokea mbuzi wa maziwa kutoka Norwe, na baadaye mbuzi hao wakafikishwa kwa wakulima wa Mgeta, katika milima ya Uluguru. Huko hufugwa bandani na kuletewa majani. Karibu zaidi na Kharumwa, huko Malya wilayani Kwimba, watafiti wa mifugo waliendeleza chotara wa nyama na maziwa kwa kuchanganya Kamorai wa Pakistani, Boer wa Afrika Kusini na mbuzi wa kienyeji. Mgeta ni nchi ya baridi, Kharumwa ni nchi ya joto. Kwa hiyo mfugaji anayeanza hapa humfaa zaidi chotara mwenye damu ya kienyeji kuliko mbuzi halisi wa Ulaya, hata kama maziwa yatapungua kidogo.

Vitu vitano juu ya meza

Meza inayofundisha haihitaji mbuzi hai. Kumleta mbuzi penye msongamano humchosha, na mahali wanapokutana wanyama wa kaya nyingi ndipo sotoka ya mbuzi na kondoo na homa ya mapafu huenea. Vitu vitano vilivyotengenezwa kwa mikono vinatosha.

Cha kwanza ni mfano mdogo wa banda, uliochongwa na seremala. Mtazamaji huona kwamba sakafu imeinuliwa kiasi cha mita moja kutoka ardhini, na kwamba fito zake zimeachana kwa takriban sentimita moja na nusu: samadi na mkojo hupita, lakini kwato hainasi. Upande unaovuma upepo na mvua umezibwa, upande mwingine uko wazi. Paa la nyasi hupunguza joto kuliko bati. Kila mbuzi mkubwa hupewa nafasi ya mita za mraba moja na nusu hadi mbili. Kihori cha majani kimewekwa nje, mbuzi hutoa kichwa tu kula, wala hakanyagi chakula chake. Banda hili hujengwa kwa mabanzi na fito zinazopatikana, na samadi inayokusanywa chini yake hurutubisha bustani ya mboga.

Cha pili ni mganda wa majani uliofungwa kwa kamba na kuning'inizwa. Mbuzi kwa asili hula akiinua kichwa, na hukataa majani yaliyochafuliwa. Mbuzi wa kilo 40 huhitaji walau kilo 4 za majani mabichi kwa siku. Anayekamuliwa huhitaji zaidi, pamoja na maji safi wakati wote. Katika kata hizi yapo marando ya viazi, majani ya karanga, matete, lukina na glirisidia. Lukina isizidi theluthi ya chakula, kwani ikizidi hudhuru. Majani ya mihogo huanikwa kwanza yakanyauka ili sumu yake ipungue. Pumba na mashudu ya pamba huongeza nguvu, na jiwe la madini la kulamba hukamilisha.

Swali gumu ni la kiangazi. Hapa mkoa jirani wa Shinyanga una jibu lililothibitika. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kama HASHI, ulifanya kazi kati ya 1986 na 2004 kwa kufufua desturi ya Wasukuma ya ngitili, yaani eneo la malisho linalofungwa wakati wa masika na kufunguliwa wakati wa ukame. Kaya yenye mbuzi wawili haihitaji ngitili kubwa. Kipande kidogo cha majani kilichozungushiwa ua wa lukina, kikafungwa masika yote, ni ngitili ya mbuzi wa maziwa.

Ufugaji wa bandani una sababu nyingine katika ukanda huu wa dhahabu. Mbuzi anayezurura huangukia mashimo yaliyoachwa, na hunywa maji yaliyotuama karibu na mialo na marudio, ambako zebaki na sayanaidi hutumika. Majani ya kukatwa yasichukuliwe maeneo hayo. Vilevile dhahabu isichomwe nyumbani wala karibu na banda, kwa kuwa mvuke wa zebaki huvutwa na watoto na wanyama, na huangukia vyombo vya chakula.

Cha tatu ni daftari na kopo lenye alama za ujazo. Mbuzi jike hushika joto kila baada ya siku 21 hivi, na dalili hudumu siku moja hadi mbili tu. Hubeba mimba siku 150. Asiyeandika tarehe hajui lini apumzishe kukamua, jambo linalopaswa kufanyika miezi miwili kabla ya kuzaa. Mtoto akizaliwa lazima anyonye dang'a katika saa za mwanzo, kwani ndiyo kinga yake.

Daftari hilo pia humwonyesha mfugaji wakati wa kumhamisha beberu. Binti anayezaliwa leo anaweza kushika joto akiwa na miezi sita hadi minane. Beberu akibaki hapo hapo kwa zaidi ya mwaka, atawapanda binti zake, na kizazi kitadhoofika. Tatizo hili limeonekana Mgeta pia. Huko Meru nchini Kenya, mradi wa mbuzi wa maziwa ulioanzishwa mwaka 1996 uliweka beberu bora mikononi mwa vikundi, kila kikundi na wake, na mabeberu wakahamishwa kutoka kikundi kimoja hadi kingine. Hakuna kaya inayolazimika kumiliki beberu wake. Kila kikundi kinalazimika kujua atatoka wapi na ataondoka lini.

Cha nne ni sufuria yenye mfuniko. Mkamuaji hunawa mikono, hupangusa kiwele kwa kitambaa safi, na michirizi ya kwanza huikamulia kwenye chombo cheusi ili aone kama kuna mabonge, dalili ya ugonjwa wa kiwele. Maziwa yote huchemshwa kabla ya kunywewa, kwa sababu ugonjwa wa kutupa mimba huhama kutoka kwa mbuzi hadi kwa binadamu kupitia maziwa mabichi, na humsumbua mgonjwa kwa homa za muda mrefu zinazofanana na malaria. Mbuzi aliyechomwa sindano ya dawa, maziwa yake hayatumiwi mpaka zipite siku alizoelekeza mtaalamu.

Yapo mambo mawili ambayo mwenye meza hapaswi kuyanyamazia. Maziwa ya mbuzi ni chakula bora, lakini hayaponyi maradhi yanayotajwa mitaani. Wala hayachukui nafasi ya titi la mama: mtoto wa chini ya miezi sita hunyonya tu, na maziwa ya mbuzi peke yake hayana foliki asidi ya kutosha kumlea mtoto mchanga.

Cha tano ni kipande cha sabuni ya maziwa ya mbuzi, na hicho ndicho huwavuta watu wengi mezani. Maziwa kidogo hutosha sabuni nyingi, hivyo haina haja ya kumnyima mtoto kikombe chake. Kanuni ya kaya iwe watoto kwanza, soko baadaye. Utengenezaji wake unahitaji kostiki, kemikali inayounguza ngozi na macho. Hutiwa kidogo kidogo ndani ya maziwa yaliyopozwa sana. Maziwa hayamwagwi juu ya kostiki. Mtengenezaji huvaa glavu na miwani, na watoto hukaa mbali. Sabuni hukaushwa wiki nne hadi sita. Anayetaka kuiuza nje ya kijiji huanzia SIDO, inayowaelekeza wajasiriamali wadogo namna ya kupata alama ya ubora ya TBS.

Hesabu inayopaswa kufanywa mezani

Kabla mwananchi hajaondoka, mwenye meza amfanyie hesabu moja. Mbuzi jike mchanga wa miezi minne, ambaye ndiye wa bei nafuu, hapandishwi mpaka afikishe takriban mwaka mmoja na mwili wa kutosha. Kuanzia siku ya kununuliwa, hiyo ni miezi minane. Ongeza miezi mitano ya mimba. Mnunuzi atangoja miezi 13 kabla ya kikombe cha kwanza cha maziwa, na kwa muda wote huo mbuzi anakula.

Hesabu hii ina uzito kwa wanaofikiria mkopo. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kukosekana kwa riba hakuondoi wajibu wa kurejesha. Kikundi kinachokopa kununua mbuzi wachanga, bila biashara nyingine ya kulipia marejesho, hujikuta kinauza mbuzi kabla hawajazaa. Kikundi chenye vikapu, mikeka au ushonaji unaoingiza fedha kila gulio kina njia ya kulipa huku mbuzi wakikua. Kwa sababu hiyo kazi za mikono na mbuzi wa maziwa vinafaa kwenda pamoja.

Mpangilio wa mwaka wa kwanza

Mvua za Novemba zikianza, kaya hupanda lukina na matete, na hufunga kipande cha ngitili. Masika yakipita, seremala hujenga banda wakati fito na nyasi ni kavu. Katika kiangazi hicho, kikundi hukubaliana kuhusu beberu, hupata mafunzo ya kukamua, na humwalika afisa mifugo wa kata akague banda na kueleza ratiba ya chanjo ya sotoka na dawa za minyoo. Masuala ya usajili wa kikundi na mikopo hupelekwa kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Mbuzi hununuliwa majani yakishastawi, kutoka kwa mfugaji mwenye kumbukumbu, na mnunuzi humtazama mama wa mbuzi huyo akikamuliwa kabla ya kutoa fedha.

Kaya ambayo bado haina majani wala banda haijachelewa. Inaweza kuanza na mbegu za lukina, ambazo hulowekwa kwenye maji ya moto ili ziote upesi, na kuzipanda kuzunguka shamba mvua zitakaponyesha.