Mafuta na Divai Katika Majeraha



Injili ya Luka, sura ya 10, yatueleza jinsi Msamaria alivyomkaribia mtu aliyejeruhiwa na wanyang'anyi. Hakumhubiria, wala hakumwuliza ametenda nini. Alimimina mafuta na divai katika majeraha, akayafunga. Alianza na maumivu.

Je, sisi twaanza na nini tuingiapo katika chumba cha mgonjwa ambaye virusi vya UKIMWI vimekwisha kuudhoofisha mwili wake? Kinywa kimejaa vidonda, nyayo zawaka moto, kichwa chauma usiku kucha. Mara nyingi twamwambia, "Vumilia, huo ndio msalaba wako." Neno hilo ni jepesi kinywani mwa asiyeumwa. Simoni wa Kirene hakumhimiza Yesu avumilie, aliubeba msalaba.

Mwaka 1957 Papa Pio XII alifundisha kwamba ni halali kumpa mgonjwa dawa kali za kutuliza maumivu. Katekisimu ya Kanisa, namba 2279, nayo yaihesabu huduma hiyo, ambayo leo twaiita tiba shufaa, kuwa tendo la pekee la upendo.

Huko Uganda, Daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, na wagonjwa wa saratani na UKIMWI wakapata mofini ya maji, dawa ya kunywa yenye bei nafuu, hata majumbani mwao. Mwaka 2004 wauguzi waliopata mafunzo maalumu waliruhusiwa kuiagiza dawa hiyo, kwani madaktari walikuwa wachache.

Wako waiogopao mofini, wakidhani kuwa huharakisha kifo. La hasha! Ikitolewa kwa kipimo sahihi, humwezesha mgonjwa kulala, kula na kusali.

Wala kumtuliza mgonjwa si kumkatia tamaa. Hata aliyedhoofika sana aweza kuinuka tena, akitibiwa kifua kikuu na magonjwa mengine nyemelezi, na kupata dawa za kufubaza virusi. Tiba na faraja hazina budi kwenda pamoja. Na saa yake ikifika, aiage dunia akiwa ameshikwa mkono, amepokea Mpako wa Wagonjwa, pasipo kunyanyapaliwa na mtu.

Basi, juma hili tumwulize mgonjwa wetu swali moja: "Unaumwa wapi?" Jibu lake tulipeleke zahanati. Msamaria alimwachia mwenye nyumba ya wageni dinari mbili. Sisi tutoe walau nauli.

Mungu awabariki. Amina.