Rovu la Mama na Masikio ya Mtoto



Leo tuzungumze juu ya rovu. Wengine huliita tezi la shingo. Iringa, Mbeya, Rukwa, Ruvuma na Kigoma wazee wetu wengi walikuwa nalo, hata watu wakalizoea. Walisema, "Haliumi, liache tu."

Ni kweli, mara nyingi haliumi. Lakini mahali penye rovu kwa wingi, huzaliwa pia watoto wengi wasiosikia kuliko mahali pengine. Hapo ndipo maneno huanza. Mara mama amelogwa, mara amevunja mwiko. Jamani, mama huyo anaonewa!

Hebu tueleze. Shingoni, chini kidogo ya koo, kila mtu ana tezi yenye umbo kama la kipepeo. Tezi hiyo hutengeneza homoni, yaani kitu kinachoingia katika damu na kuuongoza mwili ukue na ufanye kazi. Ili iitengeneze, inahitaji madini joto. Ni kidogo mno: kwa umri wote wa mtu hayazidi kijiko kimoja cha chai. Lakini tuyapate kila siku. Yakipungua, tezi huhangaika na kuvimba. Hilo ndilo rovu.

Madini joto yako kwa wingi baharini. Huko milimani, mvua za miaka na miaka zimeyaosha udongoni. Basi mahindi yatastawi vizuri, lakini madini hayo hayamo ya kutosha. Na muhogo mchungu usiolowekwa vizuri huzidisha taabu, maana sumu yake huizuia tezi kuyapata.

Sasa tuje kwenye mimba. Ndani kabisa ya sikio kuna kitu kidogo kilichojikunja kama konokono. Hicho hupokea sauti na kuipeleka kwenye ubongo. Hujengwa mtoto akiwa bado tumboni, na ubongo nao hujengwa wakati huo. Miezi ya kwanza tezi ya mtoto haijaanza kazi, kwa hiyo hutegemea homoni ya mama. Mama akipungukiwa sana, mtoto anaweza kuzaliwa kiziwi, au akawa mzito wa kuelewa. Uziwi wa namna hiyo hauponi kwa dawa. Ndiyo maana madini joto yanatakiwa kabla ya mimba, si baada ya kujifungua.

Hatusemi kila mwenye rovu atazaa kiziwi. Wala si kila uziwi unatokana na tezi. Surua, homa ya uti wa mgongo na usaha wa masikio navyo huziba masikio ya wengi.

Uswisi ni nchi ya milima, nayo ilisumbuliwa sana na rovu. Mwaka 1922 walianza kutumia chumvi yenye madini joto. Miaka iliyofuata, watoto waliozaliwa viziwi walipungua sana. Hapa Tanzania, miaka ya 1980 wilaya zilizoathirika zaidi zilipewa vidonge vya mafuta yenye madini joto. Miaka ya 1990 sheria ikataka chumvi ya kula itiwe madini hayo.

Hata hivyo, gulioni bado iko chumvi isiyotiwa kitu, na bei yake ni rahisi. Mama mja mzito asiipikie hiyo. Tununue ya pakiti iliyoandikwa kuwa ina madini joto. Tusiioshe. Tuifunike, tuiweke mbali na jua na moto, na tuitie chakula kikikaribia kuiva. Na isizidishwe kama dawa, maana chumvi nyingi huleta shinikizo la damu.

Watu wazima nao je? Mtu akianza kusikia kwa shida, na huku anachoka ovyo, anaona baridi peke yake na sauti imekuwa nzito, aende hospitali apimwe damu. Huenda tezi imelegea. Dawa yake ipo, kidonge cha kila siku. Kwa wengine masikio hupata nafuu, kwa wengine hapana.

Na mtoto ambaye tayari hasikii, tusimfiche ndani. Apelekwe akapimwe mapema, aandikishwe shule, afundishwe lugha ya alama, nasi wa nyumbani tujifunze alama hizo ili tuzungumze naye.