Nani Agharamie Michezo ya Vyuo Vikuu Mpakani?

Hoja ya leo: michezo katika vyuo vikuu vya mpakani mwa Uganda na Kenya.

Mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, kiliandaa mashindano ya dunia ya netiboli ya vyuo vikuu, na wasichana wa Uganda wakatwaa ubingwa. Kipaji kipo. Kinachopungua ni mahali pa kukilea.

Sasa tuje huku kwetu mpakani, upande wa Uganda. Chuo Kikuu cha Busitema, kilichoanzishwa mwaka 2007, kimetawanyika. Makao makuu yako wilayani Busia, ualimu uko Nagongera wilayani Tororo, udaktari uko Mbale, na kilimo kiko Arapai, Soroti. Anayeongoza michezo hapo huwaza nauli kabla ya kununua hata mpira.

Je, jambo hili linamhusu nini mzazi wa Rubongi, wilayani Tororo? Linamhusu kupitia karo. Wapo wanaosema maabara na vitabu vitangulie, na hoja yao ina uzito. Kwa upande wa pili, kijana hodari asipopata kocha wala ufadhili karibu na kwao, huhamia Kampala au huacha mchezo kabisa.

Lakini tutazame ng'ambo ya mpaka. Chuo Kikuu cha Alupe, kilichopata hati kamili mwaka 2022, kiko Busia ya Kenya, karibu zaidi na makao makuu ya Busitema kuliko ilivyo Soroti. Riadha na netiboli hazidai gharama kubwa, na majirani hawa wanaweza kushindana mara kwa mara.

Swali ni hili: wakianza, ni serikali ipi, ya Kampala au ya Nairobi, itakayotangulia kuchangia?