Somo la Redio: Mwendo Unaomwokoa Rubani

Fungueni madaftari yenu. Leo tutasoma habari za watu wanaojiundia eropleni wenyewe, na jambo moja ambalo kila mmoja wao hana budi kulijua.

Mmepata kumwona mtoto akirusha tiara. Upepo ukitulia, mtoto hukimbia, maana tiara haipai bila kupigwa na hewa. Akisimama, tiara hushuka. Eropleni nayo ni vivyo hivyo. Rubani akipunguza mwendo, humbidi kuinua pua ya ndege ili mabawa yaikingame hewa zaidi. Lakini kuna mpaka. Akiupita, hewa huachana na mgongo wa bawa, na ndege huanguka, hata kama injini ingali inanguruma. Hali hii marubani huiita stoli.

Otto Lilienthal wa Ujerumani alijiundia vyombo vya kuruka visivyo na injini. Tarehe 9 Agosti 1896, chombo chake kilipoteza mwendo hewani. Alianguka kutoka kimo cha mita 15 hivi, akafa siku ya pili yake.

Sasa, mtu aliyeunda ndege yake atajuaje mpaka huo? Je, asome namba iliyoandikwa kwenye ramani ya kuundia? Haitoshi. Ndege mbili za ramani moja hazilingani kabisa: moja ni nzito zaidi, nyingine bawa lake limepinda kidogo. Tena mshale wa kuonyesha mwendo huweza kudanganya. Lazima aipime ndege yake mwenyewe.

Huko Marekani, saa za kwanza za kuruka, kwa kawaida 25 au 40, ni za majaribio, na abiria hawaruhusiwi. Rubani hupanda juu sana, apate nafasi ya kujiokoa. Hupunguza nguvu ya injini, kisha huinua pua polepole. Ndege huanza kutetemeka. Pua inapodondoka, husoma mshale, husukuma usukani mbele ili mwendo urudi, kisha huandika namba. Hurudia mara nyingi, mzigo ukiwa mwepesi na ukiwa mzito, kwa sababu uzito ukizidi, mpaka nao hupanda.

Jihadharini na kona. Ndege ikilala upande kwa nyuzi 60 bila kushuka, mpaka huongezeka mara 1.4. Kama ulikuwa kilomita 80 kwa saa, sasa ni 112. Rubani anayekata kona kali karibu na ardhi kwa mwendo wa kilomita 100 amekwisha kuupita mpaka, na chini yake hakuna nafasi ya kujiokoa.

Kupima si woga. Ni kujua kabla ya kuhitaji.

Maswali:
1. Kwa nini majaribio hufanywa juu sana?
2. Mpaka wa ndege ni kilomita 70 kwa saa. Katika kona ya nyuzi 60 utakuwa ngapi?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.